Ushauri: Mpwa wangu wa kidato cha tatu anajua mambo kabla hayajatokea, nimhamishe shule?

Karanga Mbichi (mleta mada): Wakuu, habari za muda huu. Nina mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada, ana miaka 16, anasoma bweni. Shule wamenipigia nikamfuate. Yeye na rafiki yake wanataja mambo na yanatokea. Walimwonya matroni wao asipande bodaboda Jumapili ile. Akapanda, saa hizi amefungwa hogo. Tangu hapo mabinti wanaanguka bwenini, wanapiga mayowe usiku kucha. Je, nimlete shule ya kutwa hapa mjini, au abaki bweni? Mwakani ana mtihani wa taifa. Usingizi sipati. Matusi sihitaji.

Mama Wawili: Pole kaka. Hilo la kuanguka lisikutishe. Mwaka 1962 shule ya wasichana Kashasha, kule Bukoba, kicheko kilianza kwa wasichana watatu tu, kikakumba 95 kati ya 159, mpaka shule ikafungwa. Hofu ya bweni inaambukiza kuliko mafua.

Chuma cha Reli: Muulize Simba na Yanga nani anakufa, tugawane.

Mzee wa Bonde: Bibi yangu alikuwa anasema "leo kuna mgeni", na kweli anatokea. Tulimwogopa sana. Kumbe alikuwa anaona vumbi la gari kule bondeni kabla yetu sote. Amekufa hajawahi kuvaa miwani.

Nesi wa Zamu: Kabla ya shule, hospitali. Kuna kifafa kisichoangusha mtu: anakodoa tu, ananusa harufu ambayo haipo, anahisi tukio hili alishaliona. Apimwe umeme wa ubongo. Halafu mleta mada, unaficha kitu. Mtoto ana dalili gani?

Karanga Mbichi: Nesi, sikutaka kuliweka hapa. Huwa ananitajia matokeo ya mechi. Siyo zote, ila mikeka ya kubeti imetiki. Akishataja kichwa kinamuuma, damu zinamtoka puani, analala mpaka kesho yake. Msinihukumu. Ada nani analipa? Na shule ya kutwa nimeshaipata, ipo mtaa wa pili, hela ya kuanzia nimeshatoa.

Mama Wawili: Kumbe ushauri hukuja kuomba.

Fundi Saa: Chai hii, na sukari imezidi. Damu puani ni za kwenye filamu. Jeshi la Marekani na CIA walihangaika na watu wa "kuona mbali" miaka zaidi ya ishirini, mradi wakauita Stargate, 1995 wakaufunga mikono mitupu. Leo mpwa wako anatoa mikeka! Kesho utasikia sehemu ya pili tuma buku kwa namba hii. Na jibu hili: bweni simu ni marufuku, mechi anakutajia vipi?

Chuma cha Reli: Chai au siyo chai, mimi buku ninayo. Shusha sehemu ya pili.

Karanga Mbichi: Fundi Saa, mimi siyo mtunzi. Nilimpelekea kiswaswadu, anakificha ndani ya godoro. Ndicho walichokikamata.

Fundi Saa: Kwa hiyo shule hawakukuita kwa sababu ya maono. Wamekuita kwa simu uliyompa wewe.

Karanga Mbichi: Vyote kwa pamoja. Na yeye mwenyewe hajawahi kukataa kunitajia.

Nesi wa Zamu: Atakataaje, mama hana na ada unalipa wewe? Kama umetunga, sawa, umetuchezea. Kama ni kweli, damu inamtoka mtoto na wewe unaangalia mkeka. Wanaomfahamu mtu huyu, 116 ni simu ya watoto, haina makato.

Mzee wa Bonde: Na yule rafiki yake naye ana mjomba?

Chuma cha Reli: Mods, hamisheni uzi huu jukwaa la hadithi au la sheria, popote pale. Hapa kwenye elimu umepotea njia.