Wapiti wa Wyoming: upinde wa kifyatulio, upinde wa roda au raifo?

MzeePodo (Ohio)
Wanabodi, nina miaka 67 na bega la kulia limekataa kuvuta upinde wa roda, ule wenye magurudumu madogo kwenye ncha zake. Hapa Ohio kulungu nawapiga kwa upinde wa kifyatulio, ule wenye kitako kama bunduki, na sheria inaruhusu msimu wote wa mishale. Sasa mwanangu ananiita Wyoming mwezi Septemba tukatafute wapiti, wale jamaa wakubwa wa kulungu. Milima ile siijui kabisa. Niende na kifyatulio, roda iliyolegezwa, au nisubiri Oktoba nibebe raifo?

Nyanda_Juu
Shikamoo mzee. Kabla ya silaha, angalia jimbo. Wyoming inakiruhusu kifyatulio msimu wa mishale. Ukishuka Colorado, msimu huo hukitumii bila kibali cha walemavu, na Idaho ni hivyo hivyo. Kwa hiyo mwanao akibadili mawazo mkaangukia upande wa pili wa mpaka, mpango wote umevunjika.

Mambo mawili zaidi. Wyoming, msimu wa mishale una leseni yake juu ya ile ya wapiti. Na kuna misitu iliyotengwa rasmi kuwa nyika, ambako mtu wa nje ya jimbo haruhusiwi kuwinda wanyama wakubwa bila mwongozaji. Mwanao kama ni mkazi, anaweza kuomba leseni ya kukuongoza, na haina malipo.

Roda_Daima
Mimi natetea roda. Ukishavuta hadi mwisho, mkono unabaki na kama moja ya tano tu ya uzito wa kuvuta. Ilegeze hadi pauni 50, wapiti wa karibu anakufa vizuri tu. Ni nyepesi, na mshale wa pili unautoa upesi. Kifyatulio kina kilo tatu au nne, uzito wote mbele, na mabawa yake, yaani mikono ya upinde, yananasa kila kichaka.

Kigumba
@Roda_Daima umesahau kwamba bega ndilo tatizo. Kulegeza hakuliponyi, na asubuhi ya baridi kali ndiyo litakayogoma.

Mzee, kifyatulio kinakufaa, ila usidanganywe na kasi. Mshale unatoka kwa futi 350 hadi 400 kwa sekunde, wakati sauti inapita futi 1,100. Mnyama anasikia mlio kabla mshale haujafika, na kifyatulio kina kelele kuliko roda. Kati ya kusikia mlio na kufikiwa na mshale anapata nafasi ya kugeuka. Mimi sivuki yadi 40, hata darubini ikiwa na alama za 80. Kulungu wako wa Ohio si kipimo: dume la wapiti ana kilo 300 na zaidi, mbavu nene. Tumia kigumba kisichokunjuka, yaani ncha ya mshale yenye makali yasiyobadilika.

Na tafadhali, usitembee mlimani mshale ukiwa umekaa juu ya reli, ule mfereji wa kifyatulio unaoulaza mshale. Uweke ukishafika mahali pa kukaa.

Msomaji_Nakuru
Sisi Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977, kwa hiyo niko hapa kwa hadithi tu. Endeleeni.

BintiMlima (Colorado)
Nimesoma yote, hakuna aliyetaja mapafu. Mzee anatoka Ohio, anapelekwa mita 2,500 au 3,000 kwenda juu. Fika mapema, pumzika, kunywa maji, ndipo uanze kupanda.

Raifo ina faida kubwa: yadi 200 zinakuokoa kushuka bonde na kulipanda tena. Lakini Oktoba madume yameshanyamaza. Septemba ni msimu wao wa kupandana, wanalia alfajiri na jioni, na kwa mgeni wa eneo ile sauti ina thamani kuliko ramani. Mwanao aite kwa kuiga sauti yao, wewe ukae mbele yake na kifyatulio juu ya fimbo za kuegemea. Kukaa ndiko kifyatulio kinakoshinda. Upepo kumbuka: usiku na alfajiri hewa inateremka, jua likipasha mteremko inapanda. Likianza kupasha, hama.

Nyama je? Mchana wa Septemba una joto. Chuna haraka, gawa, tundika kivulini. Mkiwa kaskazini-magharibi mwa Wyoming kuna dubu wakubwa. Dawa ya kupulizia iwe kiunoni, isiwe ndani ya begi.

Roda_Daima
Sawa, kwa kukaa nakubali. Kwa kufuatilia sikubali.

MzeePodo
Marahaba wanangu. Kufuatilia namwachia kijana, na nimeshamwambia aulizie hiyo leseni ya mwongozaji. Kifyatulio ndicho. Hiki changu kamba ikishavutwa, jioni hailegei bila kupiga mshale, nafanyaje kule kwenye mawe?

Kigumba
Beba mshale mmoja wa zamani wenye ncha ya mazoezi, upige kwenye udongo laini karibu na gari. Usiupige karibu na kambi.