NYUMBA YA BARABARA YA 9 NGAMIANI 🏠 (familia tu)

Jumatano

[18:51] Shangazi Mwanaidi: Asalaam aleykum wanafamilia. Natoka kwa mama sasa hivi na nimekuta jambo. Kila mtu asome asipite tu

[18:52] Shangazi Mwanaidi: 📷 Picha

[18:52] Shangazi Mwanaidi: 📷 Picha

[18:54] Shangazi Mwanaidi: Huo ni mtungi wa gesi wa kilo 6 upo CHINI YA MEZA ya Zuhura kile chumba cha uani, na ukuta huo kwa upande wa pili ndio kichwa cha kitanda cha mama. Angalieni mpira ulivyofungwa. Kipande cha tyubu ya baiskeli. Tyubu!! Na mtoto anawasha moto wa kuyeyusha chupa hapo hapo juu yake

[19:20] Shangazi Mwanaidi: Tupo watu 23 humu. Tiki za buluu naziona

[19:31] Baba Fatu: Waaleykum salaam. Kwani anatengeneza nini

[19:32] Zuhura: Shikamooni wote. Shanga za kioo baba Fatu. Navunja chupa, nayeyusha kwa tochi nazungushia kwenye spoku nliyoipaka udongo, ikipoa shanga inachomoka

[19:33] Baba Fatu: Tochi inayeyusha chupa?? Ya betri ngapi hiyo

[19:33] Khadija Dar: 😂😂😂😂

[19:34] Mwanahamisi: yangu mimi hata choo kilipo hainionyeshi

[19:36] Zuhura: Ya gesi jamani, kama ya mafundi wa kuchomelea ila ndogo

[19:38] Khadija Dar: Za kiunoni unazo? Nataka mistari mitatu ya kijani ile ya chupa

[19:39] Mwanahamisi: Na mimi!! ila zisiwe nzito mana ntazama

[19:39] Baba Fatu: Naomba nitoke kwenye grupu mara moja ntarudi

[19:40] Shangazi Mwanaidi: KHADIJA. Babu yako yumo humu

[19:41] Khadija Dar: Samahani shangazi nilikuwa naulizia bei tu

[19:46] Shangazi Mwanaidi: Turudi kwenye jambo. Mimi kazi ya mtoto siikatai, ana oda ya hoteli huko Pangani na ndiye anayemnunulia mama dawa wakati wengine humu wanaandika 🙏 tu. Ila Jumamosi nataka mtungi utoke nje, ukuta utobolewe mpira upite, mpira wenyewe uwe mpya wa gesi na klipu zake za chuma, na mama ahame chumba kile mpaka nimeona kwa macho yangu. Kila mmoja elfu kumi na tano. Hamza wewe ndio fundi sema kitu

[20:10] Shangazi Mwanaidi: Hamza

[20:32] Shangazi Mwanaidi: Hamza upo onlaini nakuona

[20:40] Zuhura: Shangazi tatizo lenyewe ni regyuleta ya jiko, presha yake ndogo, moto unakohoa na kioo hakilainiki sawasawa. Nilikuwa nataka niitoe nifunge mpira moja kwa moja kwenye mtungi. Nimeona mtu kwenye video kafanya

[20:41] Mwanahamisi: uwiiiii

[21:14] Hamza Welda: Shikamoo shangazi nlikuwa juu ya geti la mtu. Zuhura USITHUBUTU kutoa regyuleta. Ile ndo inapunguza presha, ukifunga moja kwa moja mpira wa jikoni unachomoka au unapasuka na moto upo mbele yako. Ipo regyuleta ya presha ya juu, ya kuzungusha, ina geji unaona unatoa kiasi gani, na mpira uwe wa kuhimili presha hiyo sio wa jiko. Na jambo la pili gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi kama moshi inatambaa chini inajikusanya sakafuni kama maji, we hapo una dirisha lipo juu kabisa halikusaidii kitu kwenye kuvuja linasaidia joto tu. Inatakiwa tundu chini ya mlango au ukutani usawa wa sakafu. Ukimaliza kufunga pakaza povu la sabuni kila kiungo, ukiona linatoa mapovu kaza. Sio kiberiti!! Kuna watu wanapima kwa kiberiti

[21:16] Baba Fatu: Wanapima mara moja tu hao

[21:22] Zuhura: Asante kaka. Na nikitaka kuongeza oksijeni baadae? Tochi ya mipira miwili moto wake mkali na msafi, huu wa sasa nikisogeza karibu kioo kinashika masizi, shanga nyeupe inakuwa kijivu

[21:23] Baba Fatu: Oksijeni ya kununua wakati ya bure imejaa mpaka Raskazone

[21:31] Hamza Welda: Baadae. Mpira wa gesi hii ya mtungi rangi ya chungwa, wa oksijeni wa buluu, na nati za gesi zinakaza kwa kushoto makusudi usije ukachanganya. Na kila mpira uwe na kile kifaa cha kuzuia moto usirudi nyuma mtungini, bila hicho mi sigusi. Na oksijeni haipatani na mafuta hata kidogo, we hapo ulivyo na mafuta yako ya nazi kichwani na mikononi ukashika koki yake inaweza kuwaka yenyewe bila cheche

[21:32] Zuhura: Mafuta ya nazi???

[21:32] Hamza Welda: Mafuta yoyote. Hata grisi ya gereji

[21:40] Ami Saidi: Elfu kumi na tano ya nini wakati mtungi wa kilo 15 wa mama upo. Uuzwe huo zinunuliwe hizo regyuleta

[21:41] Shangazi Mwanaidi: Upo wapi Saidi

[21:41] Shangazi Mwanaidi: Nakuuliza upo wapi

[21:42] Shangazi Mwanaidi: Ule uliokwenda kwenye harusi ya Mwajuma?

[21:44] Ami Saidi: Ulirudi

[21:45] Shangazi Mwanaidi: Ulirudi mtupu na haukuwa ule. Wetu ulikuwa na mshikio mzima. Huo uliorudi umepinda kama umeanguka kutoka kwenye bodaboda

[21:49] Ami Saidi: Haya tuanze. Na bati zangu nane za lile banda mbona hamzitaji. Nimekaa kimya miaka yote hii

[21:50] Mwanahamisi: 🍿

[21:51] Shangazi Mwanaidi: Banda umelifunga kufuli mwenyewe hata kuku haingii

[21:58] Khadija Dar: Nimetuma elfu 10 kwa namba ya shangazi, nyingine mwisho wa mwezi

[21:59] Shangazi Mwanaidi: Nimesema 15. Ahsante

Alhamisi

[05:48] Babu Athumani: Nimesoma yote. Na ya shanga nimesoma.

[05:55] Babu Athumani: Gesi yenyewe haina harufu, ile harufu imetiwa ili mtu ashtuke. Shemeji yangu hanusi tangu yale maradhi. Mmemlaza kwenye ukuta huo mkitegemea pua ambayo hana.

[05:59] Babu Athumani: Aliyelala chumba kile kabla yake mnamjua. Na mnajua kwanini ukuta ulipakwa rangi mara mbili. Mtungi hautalala ndani ya nyumba ya kaka yangu. Hata usiku mmoja.

[06:20] Shangazi Mwanaidi: Sawa baba mdogo

[06:21] Khadija Dar: Sawa babu

[06:34] Baba Fatu: Sawa baba

[07:02] Ami Saidi: Tumesikia

[07:10] Zuhura: Shikamoo babu. Nisamehe. Nimeutoa sasa hivi upo nje chini ya mpera, kivulini, nimeusimamisha na kuufunga kamba kwenye shina. Bibi kahamia kwa shangazi Mwanahamisi

[07:15] Babu Athumani: Marahaba. Kazi yako sijaikataa.

[12:47] Hamza Welda: Chini ya mpera si ndo kuna mfuniko wa chemba?

[12:48] Hamza Welda: Zuhura?

[12:50] Hamza Welda: Nliwaambia gesi inatambaa chini, ikivuja hapo itaingia chemba ijae mule, mtu akitupa njiti ya kiberiti inayowaka mnaruka wote. Uhamishe upande wa ukuta wa msikiti, mbali na jiko la mkaa pia

[13:30] Zuhura: Upande wa msikiti ni mlango wa banda la Ami. Mpira utapita wapi

[13:34] Shangazi Mwanaidi: Ndo maana nasema meza ihamie bandani. Likifunguliwa linakuwa wazi mbele, hewa inapita mpaka chini, ukuta wa tofali. Kazi ifanyike humo. Saidi tunaomba ufunguo Jumamosi saa mbili asubuhi

[13:35] Mwanahamisi: saa mbili ya kweli au saa mbili ya shangazi

[14:05] Shangazi Mwanaidi: Waliotuma ni Khadija 10, Baba Fatu 15, Hamza ufundi wake. Watu 23!

[16:20] Shangazi Mwanaidi: Saidi ufunguo

[19:02] Baba Fatu: 📷 Picha

[19:02] Baba Fatu: Samahani hiyo ya grupu la mpira

[20:15] Zuhura: Hamza ile regyuleta yenye geji nimeulizia duka la pale sokoni wanasema ipo ila ya mtungi wa koki nyingine, yangu ni ya kubonyeza. Ninunue au?

[20:40] Shangazi Mwanaidi: Usinunue kitu mpaka Hamza aone

[20:41] Shangazi Mwanaidi: Hamza

[23:26] Ami Saidi: Huo mtungi mnaousema ulikuwa na rangi gani kwanza