Mrejesho: pikapu iliyokuwa ikigonga na kutoa moshi mweupe

Ndugu zangu, niliuliza kama ning'oe injini ya komoni reli (dizeli ya kisasa, nozeli zote hulishwa na bomba moja lenye shinikizo kubwa) kwenye pikapu yangu niweke 5L, injini ya dizeli ya Toyota ya zamani, maana ilikuwa inagonga na kutoa moshi mweupe asubuhi. Fundi hapa Masaka alipima nozeli (zinazopuliza mafuta ndani ya injini), mbili zinavuja. Chanzo ni dizeli ya madumu niliyokuwa nikinunua njiani (urahisi huo!), ina maji. Pampu ya 5L ilivumilia uchafu kiasi. Hizi pampu za komoni reli husukuma mafuta kwa shinikizo linalozidi baa 1,000 (mara elfu ya shinikizo la hewa ya kawaida), maji kidogo tu yanakwaruza nozeli. Nimebadilisha zote nne pamoja na filta. Mfuko unalia, ila inawaka mara moja. 5L nimeghairi: haina tabo (kifaa kinachoisukumia injini hewa ili ipate nguvu), na mimi hupandisha viazi milima ya Kabale.