Kutafuta dhahabu kwa karai kwenye misitu ya taifa Marekani, kibali cha nini?

Wakuu habari zenu, naomba tulijadili hili maana kila likiibuka watu wanagawanyika kambi mbili na hakuna anayemsikiliza mwenzie. Mtu anaenda wikiendi kwenye msitu wa taifa kule Marekani na karai lake kutafuta dhahabu kwa kujifurahisha tu, alazimike kukata kibali na kulipia au aachwe?

Msimamo wangu nauweka mezani mapema, karai liachwe, injini ibanwe.

Kwa wasioijua hali ilivyo, sheria ya madini aliyoisaini Rais Ulysses S. Grant mwaka 1872 bado inafanya kazi mpaka leo, inampa raia haki ya kutafuta madini kwenye ardhi ya umma ambayo haijafungwa. Halafu kuna kanuni za Idara ya Misitu za tangu 1974, hizo zinaangalia utaharibu nini. Karai, ditekta ya kutambua metali, mwalo (mfereji wa kuoshea changarawe unaonasa dhahabu) wa mkono usio na mota, kwa kawaida hutakiwi hata kutoa taarifa. Kazi yako ikiwa inaweza kuharibu mazingira kwa kiasi kikubwa unapeleka taarifa ya kusudio kwa msimamizi wa msitu wa eneo lile, naye ana siku 15 za kukujibu kama unatakiwa kuandaa mpango kamili uidhinishwe kwanza. Mimi hapo naona wametumia akili kabisa, kinachopimwa ni unaufanyia nini mto, awe anatafuta dhahabu au anatafuta kitu kingine.

Sasa kuna wanaotaka kila mtu alipie, hoja yao ni kwamba mali ya umma haichukuliwi bure. Nawaelewa ila hebu angalieni kazi yenyewe. Mtu anajaza changarawe kwenye karai, analizamisha, analitikisa, dhahabu ni nzito karibu mara 19 ya maji kwahiyo inashuka chini, mchanga mwepesi anaumwaga kidogo kidogo ukingoni, mwisho anabakiwa na mchanga mweusi kiasi cha kijiko na akibahatika vipunje viwili vitatu anavitoa kwa ncha ya kidole. Huyo unamkatia kibali cha nini? Mto wenyewe ukijaa theluji inapoyeyuka unahamisha changarawe kuliko yeye atakavyoweza maisha yake yote. Anayechimbua kingo mpaka mizizi ya miti inabaki nje huyo ni mwingine, huyo asimamishwe hata kama ana sepetu tu.

Kambi ya pili ndo inaniumiza zaidi. Wao wanasema 1872 imewapa haki basi hata mashine ya kunyonya changarawe chini ya mto ni haki yao, ile yenye injini inaelea juu na bomba nene linavuta kila kitu kutoka chini. Hapana jamani. California waliisimamisha 2009, watu wakaenda mahakamani kwa hoja hiyo hiyo ya 1872, na 2016 Mahakama ya Juu ya jimbo ikasema jimbo lina mamlaka ya kukataza. Oregon na Washington nao wameibana kwenye mito ya samaki aina ya samoni. Na sababu ipo, samoni jike anachimba shimo kwenye changarawe kwa mkia, anataga, anafukia, na yale mayai yanaishi kwa maji yanayopita katikati ya mawe, tope likituama juu yake yanakosa hewa yanakufa. Halafu kuna zebaki. Wachimbaji waliovamia California baada ya 1848 waliitumia kunasia dhahabu kwenye mialo yao na nyingi ikapotelea mtoni, bado imekaa kwenye mashapo kule chini, ukiitibua inasambaa na mkondo inaingia kwa samaki na samaki wanaliwa na watu. Sisi tunaojua zebaki imefanya nini kwenye mialo ya kwetu hatupaswi kulichukulia hili kirahisi.

Kinachosahaulika ni vitalu. Unaweza kukuta sehemu ya mto iko wazi, unaruhusiwa kutembea, kuvua, kupumzika, kumbe dhahabu iliyo chini ina mwenyewe, amesajili kitalu cha hadi ekari 20 na alama zake zimeshaanguka au zimefichwa na majani. Ukiosha hapo unaiba bila kujua. Juu ya hapo maeneo ya nyika yaliyohifadhiwa yamefungwa kwa vitalu vipya tangu 1984, na misitu mingi ya mashariki serikali iliinunua baadaye kwahiyo 1872 haifiki kule, kila msitu una taratibu zake. Mgeni atajuaje yote haya? Kama kuna hela za kutumia, zitumike kuweka ramani inayoeleweka kwenye kila ofisi ya msitu, iliyosahihishwa karibuni, kuliko kuajiri mtu wa kukagua risiti za wenye makarai.

Nawaachia hapa panaponisumbua mimi. Kuna wanaoweka mwalo nje ya maji, ukingoni, na kapampu kadogo ka petroli kanapandisha maji. Hawanyonyi chini ya mto ila injini ipo na maji machafu yanaweza kurudi mtoni. Mimi nasema wapeleke taarifa kwanza wasubiri zile siku 15, na shimo walifukie kabla ya kuondoka. Nyie mnasemaje, huyu tumweke upande wa karai au wa injini?