Betri ya kifaa cha vizimba inakata alfajiri, draiva haiilazi sensa

sato_igombe:
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada wiki ya pili sasa nimekwama. Tuna vizimba vya sato huku Igombe, Mwanza, nimefunga kompyuta ndogo ya Linux na sensa ya oksijeni, inapima kila dakika 10. Sensa na pampu yake ya kuvuta maji vinakula umeme kwahiyo draiva (programu ya kuiendesha sensa, nimeiandika mwenyewe, inaongea nayo kwa waya za I2C) ikimaliza kupima inatakiwa ivilaze. Nyumbani mezani inalala vizuri siku tatu bila shida. Ziwani siku ya pili au ya tatu betri inakata saa kumi usiku, na muda huo kuelekea kupambazuka ndio oksijeni inakuwa chini kabisa maana mwani nao umeivuta usiku kucha bila jua. Nimebadilisha betri, nimeongeza paneli, wapi. Vipimo vinakuja sawa mpaka inapokata ndio kinachonichanganya

fundi_nyakato:
Pole mkuu, usinunue betri nyingine kwanza. Nenda kwenye folda ya sensa chini ya /sys/bus/i2c/devices, usome power/runtime_status katikati ya kipimo na kipimo. Ikisema suspended imelala, ikisema active iko macho. Cheki na power/control isiwe on, inatakiwa auto, ikiwa on kerneli (kiini cha Linux) haikilazi kifaa hata draiva iwe nzuri vipi

sato_igombe:
control ni auto. status ni active tangu jana usiku!! Kwenye dmesg (kumbukumbu za kerneli) kuna makosa machache ya -121, na mlinzi wetu anasema ziwa likichafuka tu pampu inaunguruma mpaka asubuhi

binti_nansio:
Kaka mlinzi wako ndio kashakupa jibu. Ile -121 maana yake sensa haikujibu kwenye waya, nahisi mawimbi yanatikisa kiungo. Sasa angalia draiva: ukiita pm_runtime_get_sync (kukiamsha kifaa) hesabu ya wanaokitumia inapanda moja, ukiita put (kukiachia) inashuka moja, na kifaa kinalala hesabu ikifika sifuri tu. Nina uhakika ukipata kosa la kusoma unafanya return (unatoka) hapo hapo bila kupita kwenye put, hiyo moja inabaki milele. Kipimo kinachofuata inapanda mbili inarudi moja, sifuri haioni tena, ndio maana vipimo vinakuja ila kifaa hakilali. Mezani hakuna mawimbi, njia ya kosa hujawahi kuipita.

Na kitu kingine, get_sync inapandisha hesabu hata yenyewe ikifeli. Watu wengi sana wameumizwa na hilo mpaka kwenye kerneli 5.10 ya 2020 ikaongezwa pm_runtime_resume_and_get ambayo ikifeli inajirudishia hesabu. Tumia hiyo

sato_igombe:
Dada umenisoma kama uko hapa, mstari wa 88 "if (ret < 0) return ret;" na put iko chini yake. Nimeweka goto (amri ya kuruka) iende kwenye put kwanza. Nimechomoa waya makusudi mara tano nikarudishia, kila mara inarudi suspended

fundi_nyakato:
Safi. Kile kiungo nacho kifunge upya ukijaze silikoni, draiva sasa inavumilia kosa ila kila -121 ni kipimo umekosa

sato_igombe:
Mrejesho: jana usiku upepo ulikuwa mkali, -121 zimetokea nne (silikoni napaka leo), pampu imezima kila mara na saa 12 asubuhi betri ilikuwa volti 12.4. Saa kumi na moja oksijeni ilishuka, kijana akapata ujumbe akawasha kipuliza hewa. Asanteni sana