Nilimwagikiwa na asidi ya labu mkononi, siku ya tatu leo na haiumi tena. Niende hosi ama imepona?

Fundi_wa_Bika

Wadau habari za jioni. Naomba ushauri bila matusi ju najua mahali nilikosea.

Mimi ndio nashika labu ya sayansi kwa shule moja ya sekondari huku Eastlands, niliingia muhula uliopita. Jumanne nilikuwa natayarisha praktikali ya Form Four, nilitaka asidi ya salfuriki ya 2 mola, yaani iliyopunguzwa makali na maji, na sisi tuko tu na ile konki, yaani kali yenyewe haijapunguzwa, ile chupa kubwa ya kahawia ya lita 2.5. Maji ilikuwa imepotea tangu Jumapili, si mnajua huu mgao wetu wa Nairobi.

Nikaishika chupa kwa shingo nikaitoa shelfu ya juu. Kumbe mtu aliyeitumia mwisho hakuipangusa, asidi ilikuwa imeteremka kando ya chupa mpaka chini, na mimi sikuwa na glavu ju zile zilizoko zimepasuka kwa kidole gumba kutoka mwaka jana. Nilihisi kama kitu ya mafuta mafuta hivi kwa kifundo cha mkono chini ya mkanda wa saa, halafu joto, halafu moto wenyewe. Nikakimbia kwa sinki nikafungulia bomba, bomba ikatoa ile hewa tu, tsssss, hakuna kitu. Nikarudi nikachota jagi moja kwa ndoo nikamwagia, saa bado iko mkononi. Mwalimu mwenzangu akasema nipake dawa ya meno inapoza, nikapaka, nikaendelea na kazi.

Leo Ijumaa. Pembeni ya kidonda kuna wekundu na panauma nikigusa, lakini hapo katikati, kama saizi ya ile sarafu ya ishirini, ngozi imekuwa kahawia na nyeupe nyeupe, ngumu kama ngozi ya kiatu, na haiumi kabisa. Nimeidunga na pini nikaona ni ganzi. Mimi naona inapona, wife anasema niende hosi, na mwisho wa mwezi bado uko mbali.

Swali la pili, nikimuitisha prinsipo glavu na miwani ananiambia yeye alisoma kemia bila hizo vitu na macho yake mawili bado yako. Praktikali za KCSE hizo zinakuja. Nifanye aje?

Kijana_wa_Umoja

Kama haiumi si imepona buda. Paka mafuta ya kujipaka ufunike, pesa ya hosi ununulie watoto unga.

Sista_wa_Zamu

Fundi, usisikize huyo hapo juu. Mimi ni nesi wa miaka kumi na moja, na nusu ya hiyo miaka nimekaa kwa vidonda vya moto. Kidonda cha kuungua kikiuma hiyo ni dalili nzuri, ina maana mishipa ya fahamu bado iko hai. Kile chako cha katikati kikavu, kigumu kama ngozi ya kiatu, ukidunga husikii, hicho kimeungua mpaka chini. Hakijapona, kimekufa. Na kiko juu ya kifundo cha mkono, pahali panapokunjwa, kikijiponea chenyewe kovu linaweza kuvuta ngozi ukose kukunja mkono vizuri.

Enda kesho asubuhi, hata kama ni leo usiku enda. Ukiona vidole vinavimba, mkono unakuwa mweusi au wa baridi, au homa inaanza, usingoje kupambazuke. Anzia hosi iliyo karibu na wewe wakuangalie, wakiona ni ya kupelekwa mbele watakuandikia, Kenyatta wako na wadi ya waliochomeka. Waambie ni salfuriki konki, usiseme tu "asidi", piga lebo ya chupa picha na simu uende nayo. Uliza sindano ya pepopunda ulidungwa lini mwisho. Huo ukoko usiubandue, malengelenge usitoboe, na usiongeze kupaka kitu hapo, sio asali, sio mafuta, sio yai. Hiyo dawa ya meno daktari lazima kwanza aisafishe ndio aone kidonda, na kusafisha kwenyewe ndio kutauma.

Na saa. Aki hiyo saa. Mkanda ulishikilia asidi kwa ngozi yako wakati unamwagia maji juu yake. Saa, pete, bangili, zile kamba za shanga, koti, soksi, kila kitu kinachoshika asidi kinatoka huku maji inaendelea kumwagika, hungoji mpaka umalize kusuuza.

Mwanakemia_Mkali

Naongeza tu kama mtu wa kemia. Kosa lilikuwa ni kumwaga maji. Konki salfuriki ikikutana na maji inatoa joto kali sana, ndio maana iliungua zaidi. Ungepangusa na kitambaa kikavu halafu uweke baking soda iue asidi.

Mwalimu_Mstaafu

Mwanakemia kijana wangu, nusu ya unachosema ni kweli na hiyo nusu ndiyo inaumiza watu.

Nimefundisha kemia tangu wakati wa A-level. Ndani ya bika, ndiyo, ukimwaga maji kidogo juu ya konki nyingi inachemka hapo hapo na kukurukia usoni, kwa sababu maji ni nyepesi, inakaa juu, na salfuriki konki ni nzito, gramu 1.84 kwa kila mililita. Ndiyo tunafundisha asidi iende kwa maji, polepole kando ya kioo huku unakoroga. Lakini mkononi ni kinyume. Asidi ni matone na maji ya bomba ni lita kwa lita, ile joto inabebwa na maji hata kabla ya ngozi kuisikia. Kinachochoma ni maji KIDOGO, kama hiyo jagi moja, na kuchelewa. Kama asidi ni nyingi na kitambaa kiko hapo mkononi, gusisha mara moja bila kusugua, lakini usianze kukitafuta kwa droo. Maji ya bomba, inayotiririka, dakika 20 za saa. Dakika 20 ni ndefu kuliko unavyodhani, wanafunzi wangu walikuwa wanatoa mkono baada ya mbili wakisema "nimeshapoa mwalimu".

Baking soda kwa ngozi hapana, inapoiua asidi nayo inatoa joto, halafu unapoteza wakati kufungua paketi. Hiyo ni ya sakafuni.

Sasa Fundi, mimi shida yako kubwa naiona kwa bomba. Umetoa chupa ya konki kwa shelfu wakati labu haina maji. Siku hiyo hiyo ungeambia prinsipo leo hakuna praktikali. Sheria yangu ilikuwa moja, naenda kwa bomba kwanza, nikisikia hiyo hewa yako tsssss, kabati ya asidi haifunguliwi. Kile kipimo cha Wamarekani cha bomba ya kuoshea macho ni lita 1.5 kwa dakika, kwa dakika 15. Piga hesabu, ni lita 22 na nusu. Kumaanisha hata jerikani ya lita 20 ikiwa imejaa haifiki. Weka mbili, za bomba chini, juu ya meza, na maji yake ibadilishwe isiote kijani.

Na ile chupa huwa haishikwi shingo. Lita 2.5 za salfuriki ni kilo 4.6 bila kuhesabu kioo. Mkono mmoja chini ya kitako, ama uiweke kwa ndoo ya plastiki ndio utembee nayo. Ikae shelfu ya chini kabisa, kamwe isipite urefu wa macho, ju ikikuangukia kutoka juu hatutaongea habari ya kifundo cha mkono.

Fundi_wa_Bika

Mwalimu shikamoo. Hapo kwa bomba umenipata. Sista nimesoma, kesho naenda. Lakini hapo kwa shelfu bado kuna ile duara chini ya chupa, inateleza teleza. Nikiipangusa na Jik itatoka?

Mama_Sabuni_Kariobangi

JIK HAPANA!! Asidi na Jik inatoa gesi ya klorini utakufa hapo ndani na labu imefungwa madirisha. Mimi natengeneza sabuni ya maji na za choo, hiyo nilijifunza kwa njia mbaya, nilioshea ndoo ya asidi na Jik nikakohoa siku mbili.

Chukua magadi, ile ile ya githeri. Vaa glavu nzima, mwagia magadi pole pole kutoka pembeni uje katikati, itatoa povu shhhhh, ngoja povu iishe, ongeza kidogo tena, isipotoa povu tena ndio unazoa na kupangusa na maji mingi. Usikaribishe uso kuchungulia.

Na mambo ya chupa, wacha niwaambie hii. Jirani yangu alikuwa amewekea asidi kwa chupa ya maji ya kununua, bila lebo, imekaa tu chini ya meza. Mtoto wa miaka minne akapiga funda. Watu wakaanza kelele mtapishe, mpe maziwa, mtie kidole. Kuna mzee mmoja alisimama akakataa, akasema ilichoma ikishuka itachoma tena ikipanda, akamsukutua mdomo na maji atemee nje, wakambeba na piki mbio. Daktari alikuja kuwaambia huyo mzee ndio aliokoa koo ya huyo mtoto. Tangu hapo kwangu asidi iko kwa mtungi wake na nimechora fuvu hata kama watu wananicheka.

Rewaya_wa_Grogan

Sisi wa betri tunaishi na hiyo kitu, yetu imepunguzwa makali, kama theluthi moja tu ndio asidi, ingine ni maji. Na bado usiidharau. Inaruka kwa suruali ya jinzi huoni kitu, unaenda nyumbani, jinzi ikikauka maji inatoka asidi inabaki inazidi kuwa kali, ukifua tu mashimo hayo kama umepigwa risasi. Sasa fikiria hiyo ni macho. Miwani ya jua sio miwani, inatakiwa ile imefunga kando. Ikiingia macho unafungua kope na vidole kwa nguvu, jicho lenye asidi liwe upande wa chini ndio maji isipeleke kwa lile zima, na unazungusha mboni. Kama uko na lensi unaitoa maji ikiwa inaendelea. Halafu hosi, hata kama unaona sawa.

Sista_wa_Zamu

Rewaya asante, hapo kwa jicho la chini wengi hukosea.

Nyinyi mnaofanya kazi ya kuosha mawe ya nyumba na rimu za gari, kuna dawa zingine ziko na asidi ya haidrofloriki. Hiyo ni mnyama mwingine kabisa. Inaweza kukosa kuuma masaa kadhaa huku inaingia ndani inakula kalsiamu mpaka moyo unakoroga mapigo. Hiyo ni maji halafu hosi mbio, na useme jina, ju inatibiwa na kalsiamu glukoneti.

Karani_wa_Milimani

Naongea kuhusu prinsipo. Ndugu Fundi hiyo ni ajali ya kazi, usiifiche. Andika barua leo, tarehe, saa, ilivyotokea, nani alikuona, baki na kopi yenye muhuri wa shule. Chini ya WIBA, ile sheria ya fidia ya kuumia kazini ya 2007, mwajiri akishajulishwa ako na siku saba kuripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, na gharama ya matibabu inafaa kutoka kwake, kwa hivyo weka kila risiti hata ya bandeji. Na glavu na miwani sio zawadi anakupea, Sheria ya Usalama na Afya Kazini, pia ya 2007, inasema mwajiri anazitoa bila kukukata. Usiende kumtishia nazo. Muandikie tu kwa heshima "kulingana na sheria naomba vifaa vifuatavyo", mtu akiona karatasi huwa anakumbuka macho yake mawili hayatoshi shule nzima.

Kijana_wa_Umoja

Haya nimesomeshwa. Fundi samahani ndugu yangu, enda hosi.

Fundi_wa_Bika

Wadau nimerudi, Jumatatu hii. Nilienda Jumamosi. Daktari aliuliza "ulipaka nini hapa?" nikanyamaza, wife akanisemea. Kuisafisha, sitaki kuongea. Amesema katikati ni ndani kweli, nimedungwa ya pepopunda, nimepewa krimu nyeupe na bandeji, na nimeandikiwa kwenda Kenyatta Alhamisi waamue kama watakata ngozi ya paja waweke hapo. Amesema ningekuwa nimesuuza vizuri labda ingeishia malengelenge.

Barua nimepeleka. Prinsipo ameisoma mara mbili, akauliza nani alinisaidia kuandika, nikasema ni mimi. Leo mchana bursa ameniita nikachukue pesa ya glavu na miwani sita. Ya jerikani amesema ninunue na yangu nitarudishiwa, hiyo sijaamini sana. Chupa nimeshusha chini, magadi imefanya kazi, na kweli ilitoa povu nikidhani nimeshaisafisha tayari. Praktikali nimeambia mwalimu wa kemia hakuna mpaka mitungi ifike.

Sasa zile za lita 20 za bomba chini nitapata wapi bei ya chini, Gikomba ama Kamukunji?

Mama_Sabuni_Kariobangi

Kamukunji. Lakini kaza hiyo bomba na uijaze maji hapo hapo dukani kabla hujalipa, nyingi zinavuja.