Naombeni ushauri: ukumbini niweke bendi ya dansi au DJ? Wazee wawili hawasalimiani

Njiapanda_TMK (mleta uzi)
Wakuu salaam. Naombeni ushauri wa haraka maana silali vizuri. Ndoa yangu imebakiza wiki chache, kamati ipo, ukumbi upo, michango inasuasua ila inaingia. Tatizo ni baba yangu na baba mkwe mtarajiwa, hawasalimiani. Na walikuwa wanaelewana sana, siku ya mahari walikaa wakapiga stori za mpira na miziki ya zamani mpaka mshenga akakohoa kuwakumbusha tulichoendea. Sasa hivi mzee anasema kwenye kufunga ndoa atakuja, ila ukumbini hakanyagi. Nimewaza kitu kimoja, wote wawili wanapenda dansi vibaya mno, bendi kama NUTA, Maquis na Sikinde, na mwimbaji Marijani Rajabu, hizo ndo zao. Nikiweka bendi badala ya DJ si watalainika? Au vijana watanuna ukumbi uwe kama kikao cha wastaafu? Matusi wekeni pembeni tafadhali.

Kidampa
Mmoja Simba mmoja Yanga, hapo hata ulete bendi ya jeshi hawapatani. Ile 5-1 Yanga tuliyowapiga Simba Novemba 2023, mtaani kwetu kuna mtu alihamisha kabisa banda lake la chips maana majirani walikuwa wanaagiza "mayai matano kwa moja" kila jioni. DJ tu mkuu, okoa hela.

Mnyama_Asilia
@Kidampa mnasahau 5-0 Simba tuliyowapiga Mei 2012? Na 6-0 ya 1977 je? Mleta uzi mzee wako ni upande gani tujue tunamtetea au vipi.

Mama_Swaumu
Mwanangu weka DJ. Mimi yangu tuliweka bendi, walifika saa tatu usiku na vyombo vyao, saa nzima wanafunga nyaya wanasema "cheki cheki moja mbili", wageni wanakula huku spika inakoroma. Chakula cha wanamuziki hakikuwa kwenye bajeti, wakaingia kwenye sahani za upande wa bwana harusi, na lawama ile nimeisikia mpaka mtoto wa kwanza amezaliwa. Kama unalazimisha bendi basi waje mchana, wale, wapewe nauli mapema, na spika zisielekee meza ya wazee.

Mzee_wa_Gerezani
Vijana acheni kumtisha mwenzenu, bendi sio spika tu. Wimbo wa dansi una ustaarabu wake. Unaanza taratibu mnasikiliza, mtu anaimba kisa chake kuanzia mwanzo mpaka mwisho, gitaa la rhythm linatembea chini chini, wenye wake zao wanacheza polepole, afu kinakuja kiitikio na tarumbeta, ndo mnaingia kwenye chemko, hapo hata mwenye magoti mabovu anasimama. Dakika nane, tisa, kumi, wimbo mmoja. Nimekesha DDC Kariakoo na DDC Magomeni Kondoa kwa Sikinde, na wanamsondo, yaani mashabiki wa NUTA, tulikuwa tunakutana nao kituo cha basi asubuhi tunabishana mpaka kazini nani kapiga vizuri. Ila hakuna mtu aliyenuniwa na mkwe wake kwa ajili hiyo. Muhiddin Gurumo mwenyewe alitoka NUTA akaenda kuianzisha Mlimani Park, ndo Sikinde yenyewe, 1978 na baadaye akarudi Msondo, akaimbia huko mpaka anastaafu 2013. Bitchuka naye kote kaimba. Sasa waimbaji wenyewe wanahama wanapokelewa, sisi mashabiki tunagombana ya nini? Weka bendi.

Ngoma_ya_Ukae
Mzee wa Gerezani umeongea ukweli mtupu, nyongeza tu ni kwamba Michael Enoch akipuliza saksafoni hapo Msondo walikuwa hawana jibu.

Mtu_wa_Msondo
Hawana jibu wapi? Bendi imeanza 1964, imebadilishwa jina NUTA, JUWATA, OTTU, viongozi wamekuja wameondoka na ngoma bado inalia. Nyie hata bendi yenyewe mmezaliwa kutoka kwetu. Heshimu wazazi.

Dada_Tatu
Nyie mmehamia kwenye bendi zenu. Mleta uzi, swali rahisi, WALIKOSANA KWA NINI? Umeandika aya nzima umeruka hapo tu.

Njiapanda_TMK
@Dada_Tatu ni mambo ya mpira tu dada, wazee si unawajua. Naomba tujikite kwenye bendi au DJ.

Kidampa
Nilisema mimi. Simba na Yanga.

Njiapanda_TMK
@Kidampa hapana, wote ni Simba.

Kidampa
Wote Simba wamenuniana kwa mpira? Kwani mmoja ni Simba wa wapi?

Lumumba_hadi_Ufipa
Hapo kuna siasa, msidanganyike. Mpira hauwezi kutenganisha watu wa timu moja, siasa inaweza. Mwaka 1995 nyumbani kwetu baba alikuwa CCM na baba mdogo NCCR ya Mrema, yaani Mrema akipita na watu wanasukuma gari baba mdogo yumo anasukuma. Uchaguzi wa Dar ukavurugika ukarudiwa Novemba, na wale ndugu wawili wakawa wanakula vyumba tofauti nyumba moja, bibi anapeleka sahani huku na huku. Walikuja kupatana kwenye msiba wa bibi huyo huyo. Kwa hiyo mleta uzi sema tu mmoja kijani mmoja sio, tukushauri vizuri. Na wakati wa kampeni usikubali kabisa mtu apande na fulana ya chama ukumbini.

Njiapanda_TMK
Siasa wanatofautiana kweli, mzee wangu ana kadi tangu TANU na baba mkwe ni mageuzi wa siku nyingi, ila hilo wanataniana tu, siku ya mahari walicheka nalo. Shida sio hiyo.

Dada_Tatu
Sio Yanga, sio siasa, sio bendi. Kaka, ni WEWE. Umefanya nini?

Njiapanda_TMK
Sijafanya kitu kibaya. Basi niseme ila naomba mnielewe kabla ya kuhukumu. Mwaka jana Mei Simba tulipoingia fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na Berkane ya Morocco, nilimwambia mzee mechi ya marudiano nitampeleka. Mzee wangu ni Simba tangu inaitwa Sunderland. Ile fainali ya 1993 na Stella Abidjan alikuwepo Uwanja wa Taifa, tumefungwa 2-0 nyumbani baada ya sare ya kule, alirudi kwa miguu mpaka Temeke, jina la mfungaji wao Boli Zozo mpaka leo halitajwi ndani. Kwa hiyo ile ya mwaka jana alikuwa anaisubiri sana. Ikatokea mambo yakabadilika nikaenda na baba mkwe.

Mnyama_Asilia
SUBIRI. Umempeleka MKWE badala ya mzee aliyekuwepo 1993?? Mimi naondoka kwenye huu uzi kwa dakika tano nikapoe.

Mama_Swaumu
Ee Mola. Bendi ya nini sasa hapo.

Mpimachai
Wakuu naomba nipite. Hii ni CHAI na sukari imezidi. Marudiano yale yalikuwa yachezwe uwanja wa Mkapa hapa Dar, CAF wakahamishia uwanja wa Amaan Zanzibar siku chache tu kabla kwa sababu ya hali ya pichi baada ya mvua. Sasa huyu alimuahidi mzee wake wapi, Mkapa au Zanzibar? Tiketi alinunua lini? Na mkwe alifikaje? Watu wanatunga stori wanachanganya Stella na Gurumo ili uzi uende kurasa kumi. Pia angalieni, ameulizwa mara tatu ndo anatoa kipande kipande, huo ndo mtindo wa watunzi. Mods fungeni.

Kidampa
Hata mimi nilianza kunusa majani ya chai.

Ngoma_ya_Ukae
Kama ni chai basi imepikwa na mtu anayeujua muziki, angalau hilo.

Njiapanda_TMK
@Mpimachai sina faida yoyote ya kutunga. Na hicho ulichosema ndo chanzo chenyewe. Ahadi ilikuwa ya kwa Mkapa, kutoka kwetu pale ni daladala moja tu. Ilipohamia Zanzibar ikawa boti kwenda na kurudi, pa kulala, tiketi zinagombaniwa, uwanja wenyewe mdogo. Hela yangu ilikuwa ya watu wawili tu, mimi nikiwemo. Mzee ana magoti, ngazi za boti, jua, msongamano wa getini pale, mngemshauri apande? Wakati huo huo baba mkwe alikuwa hajatoa jibu la posa, akapiga simu mwenyewe anauliza "mwanangu wewe hujapata njia ya kwenda huko?" Ningemjibu nini? Nikaenda naye. Mutale wetu amefunga mapema, mzee wa watu amenikumbatia analia, tumekuwa ndugu pale pale jukwaani. Baadaye Kagoma wetu akala nyekundu, dakika za nyongeza Berkane wakarudisha ikaisha 1-1, kombe likaondoka maana kule tulipigwa 2-0. Kwenye boti ya kurudi hakuna aliyeongea. Wiki iliyofuata jibu la posa likaja. Mimi naona nilifanya uamuzi wa mtu mzima.

Mpimachai
Sawa, tarehe zimekaa. Swali la mwisho nikuache. Mzee wako ulimwambia nini siku hiyo?

Njiapanda_TMK
Nilimwambia tiketi zimeisha.

Dada_Tatu
Na amejuaje?

Njiapanda_TMK
Siku ya mahari hakuwa anajua. Hivi karibuni baba mkwe kabadilisha picha yake ya WhatsApp kaweka ile tuliyopiga Amaan tumeshikana mabega na skafu. Mzee kaiona. Akampigia akamuuliza picha ya lini, akaambiwa. Mimi hakunipigia. Ndo tangu siku hiyo anamkasirikia baba mkwe, anasema "alikaa sebuleni kwangu akaniuliza niliangalia wapi fainali nikamwambia kibandani, na yeye anajua alikaa kwenye kiti changu". Baba mkwe anaapa hakujua kama kilikuwa kiti cha mtu.

Mzee_wa_Gerezani
Kijana. Mimi 1993 nilikuwepo. Sisi tulioondoka pale jioni ile tulijua ndo basi tena, Simba haitaonja fainali nyingine tukiwa hai. Ikaja baada ya miaka 32. Baba yako angepanda boti kwa magoti hayo hayo, na kama asingeweza alistahili akuambie yeye mwenyewe kwamba hawezi. Hasira yake kwa mkwe wako ni kwa sababu wewe ni mtoto wake na unaoa, hataki kukuharibia. Ameichukua akaiweka kwa mtu ambaye anaweza kumnunia. Nenda kamwambie.

Lumumba_hadi_Ufipa
Mzee kamaliza. Ila mkwe naye aondoe picha.

Mama_Swaumu
Mkwe hana kosa, amealikwa kakubali. Kwanza aitwe ajue ukweli, maana sasa hivi ananuniwa kwa dhambi ya mtu mwingine na wewe umekaa kimya unatafuta mpiga gitaa. Mwanangu unaanzaje ndoa ukiwa na siri kwa baba wa mkeo?

Mtu_wa_Msondo
Mimi nauliza kitu cha kitaalamu, mzee wako anapenda bendi ipi hasa? Kama ni mtu wa NUTA usimletee wapiga kopi za Sikinde.

Njiapanda_TMK
Ni mtu wa NUTA. Bendi ni vijana wanapiga kopi za zamani, zote wanapiga. Kwenda kumwambia nimefikiria sana wakuu, ila naona kwa wiki hizi zilizobaki tukiufukua huo mjadala unaweza kuvunja kila kitu. Wazo langu ni aje ukumbini kwanza, asikie nyimbo zake, MC amwite yeye na baba mkwe wafungue muziki na mama zetu, hasira ishuke, nimwambie baada ya ndoa.

Dada_Tatu
Sasa ataingiaje ukumbini kusikia hizo nyimbo wakati amesema haji? Na unasema "bendi ni vijana". Wewe bendi umeshachukua?

Njiapanda_TMK
Advansi nimetoa juzi.

Dada_Tatu
Kutoka wapi, si ulisema michango inasuasua?

Njiapanda_TMK
Fungu la vinywaji. Mwenyekiti wa kamati hajajua bado, nitarudisha. Na kama mzee atakataa kabisa, nimeshaongea na baba mdogo akae meza kuu kwa niaba.

Mnyama_Asilia
Nimerudi. Yaani kiti cha fainali umempa mkwe, na kiti cha harusi umempa baba mdogo. Huyo mzee atakaa wapi maisha yake?

Mpimachai
Nilitaka iwe chai kweli. Mkuu mpigie baba mdogo SASA HIVI mwambie aache, kabla hajaenda kumuuliza kaka yake avae suti rangi gani.

Kidampa
Mimi Yanga, tuliikosa ya Shirikisho 2023 na USM Alger kwa goli la ugenini, kwao tumeshinda 1-0 baada ya kupigwa 2-1 hapa. Mzee wangu nilikaa naye siku ile mbele ya TV, hakuongea kitu, alinishika tu goti. Alifariki mwaka uliofuata. Nakushauri kama mtani wako, nenda Temeke leo.

Njiapanda_TMK
Asanteni wote hata mlionisema. Baba mdogo nimempigia, hakupokea, nitampigia tena. Kwa mzee nitaenda Jumapili akitoka kijiweni. Niende peke yangu au na mshenga?

Mzee_wa_Gerezani
Peke yako. Mshenga wa nini kwa baba yako?

Mama_Swaumu
Peke yako, na usifike na soda wala zawadi. Ongea kwanza.

Mtu_wa_Msondo
Hivi hao vijana wanapiga kopi wamekuchaji shingapi? Na mimi nina ya binti yangu mwishoni mwa mwaka, njoo PM.